Maji ya Rangi: Ni Nani Atalipa?



Rangi haishiki kitambaa yote. Nyingine hutoka na maji, pamoja na chumvi nyingi iliyotiwa ili ishike. Huko Tiruppur, India, wanakoshona fulana za kuuzwa Ulaya na Marekani, maji hayo yaliharibu mto Noyyal na mashamba. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya kutia rangi zaidi ya 700 vifungwe. Maelfu ya wafanya kazi walikosa kazi.

Kusafisha maji si bure. Chokaa huzamisha rangi, lakini huacha tope la hatari. Chumvi haiondoki kwa chokaa: maji husukumwe kwa nguvu katika vichujio, na yanayobaki huchemshwa mpaka yakauke. Hapo huliwa umeme na kuni nyingi, na moshi hupanda.

Tajiri akitaka gharama hiyo itoke katika mishahara yetu, tukatae; mnunuzi wa ng'ambo naye aongeze bei. Lakini tusimfiche tajiri anayemwaga usiku. Kiwanda kikifungwa, wa kwanza kutolewa langoni ni sisi. Tudai mtambo wa kusafisha sasa, kabla ya amri ya mahakama.