Baba wa Pacha

Mume wa Rusizi II akipata habari kuwa mkewe ana mimba ya pacha, furaha na hofu humjia pamoja. Asikae kungoja: pacha aghalabu huzaliwa kabla ya miezi tisa kutimia. Na aweke mapema nauli ya kumfikisha mkewe hospitali ya Gihundwe.

Wakiwa wanaume, desturi ya Rwanda humwita wa kwanza Gakuru, yaani mkubwa, na wa pili Gato, mdogo. Lakini jina si daraja. Bashir alipotaka Mtume (S.A.W.) ashuhudie zawadi aliyompa mwanawe Nuuman, na nduguze hawakupewa mfano wake, Mtume alikataa.

Naye mama anyonyeshaye wawili ahitaji chakula zaidi. Suratul Baqara, aya ya 233, yamlazimu baba riziki na nguo zake.