Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Juu ya Matibabu ya Wakimbizi Wapya



Ndugu wapendwa, viongozi wa walei na wanajumuiya, swali tulilopewa ni hili: je, ni haki mkimbizi aliyefika jana atibiwe bure kwa fedha za wafadhili, ilhali mvuvi wa Kivinje akienda Hospitali ya Kinyonga adaiwa mchango? Waulizao hivyo si watu wa roho mbaya. Tangu uchangiaji ulipoanza katika hospitali za Serikali mwaka 1993, wengi wetu tumeonja uchungu wa kufika mbele ya mganga bila fedha.

Tujitazame kwanza sisi wenyewe. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa. Ni nani miongoni mwetu awezaye kuapa kwamba babu zake wote walizaliwa pwani? Tena vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, waliovuka Ruvuma walipewa makao, baadhi yao Rutamba, katika mkoa wetu huu wa Lindi. Twapenda vijana waujue utaratibu wa siku zile. Serikali ilitoa ardhi, Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa likatafuta fedha, na TCRS, chombo kilichoundwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Duniani, kikafanya kazi. Nia ilikuwa makazi yajitegemee, kisha shule na zahanati zikabidhiwe Serikali. Ndivyo ilivyokuwa kwa makazi ya Warundi ya Mishamo mwaka 1985. Mfadhili aliondoka, zahanati ikabaki.

Baadaye wakaja watu kwa wingi usioweza kungoja makazi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Maafa makubwa ya maradhi yaliyohofiwa Benaco yalizuilika, na sababu mojawapo ni kwamba vifaa na watumishi walikuwa karibu tangu Warundi walipokimbia mwaka 1993. Julai ya mwaka uleule, huko Goma, mambo yakawa mengine. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkeno, haichimbiki choo wala kaburi. Watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu, na kipindupindu pamoja na kuhara damu vikaua watu wanaokadiriwa kufika 50,000 katika mwezi wa kwanza. Misaada ilifika Goma, tena mingi, pamoja na wapiga picha wake; lakini kipindupindu kiliitangulia.

Mwaka 2015 tuliyaona tena huko Kagunga, kijiji kidogo cha Ziwa Tanganyika, ambako maelfu ya Warundi walikuwa wakingoja kuchukuliwa na MV Liemba. Watu wapatao 30 walikufa kwa kipindupindu, na wenyeji wamo.

Basi mvuvi wetu tumjibu hivi. Anayempa mgeni maji safi, choo, chanjo ya surua na maji ya chumvi na sukari katika juma la kwanza, anakilinda kisima cha mwenyeji. Wala fedha za mfadhili hazitoki katika mfuko wa Kinyonga. Hutolewa kwa ajili ya mkimbizi, na asipokuja, haziji. Hata hivyo, lalamiko lake lina ukweli ndani yake. Mashirika hupiga mahema yao kando, huwavuta wauguzi wa wilaya kwa mishahara minono, na siku ya kuondoka hukunja kila kitu. Hilo tulikatae waziwazi. Huko Nduta, wilayani Kibondo, hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka iliwatibu pia wanavijiji wa jirani. Haki yataka fedha zipitie katika hospitali iliyopo, na mlango uwe mmoja. Tena mfadhili si wa milele: mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na kazi nyingi zilizolitegemea zikasimama katikati.

Kwa nini tuyaseme haya Kivinje? Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya Ruvuma, ulishambuliwa, na wengi wakakimbia kwa mashua. Mwaka huohuo Shirika la Wakimbizi lilieleza kwamba maelfu waliovuka kuja kwetu walirudishwa kupitia Negomano. Mgonjwa aliyerudishwa mpakani hana mfadhili wala mganga. Nasi twajua kwamba jahazi lenye upepo mwema halichagui bandari ya Mtwara tu.

Kwa hiyo tunaiomba kila jumuiya iandike majina ya wanaojua Kimakonde, Kimwani au Kireno, visima vinavyofaa, na nyumba ziwezazo kumlaza mgonjwa siku mbili tatu. Tume itamwendea Mganga Mkuu wa Wilaya ikifuatana na masheikh wetu, maana visima na mashua ni vyao kama vilivyo vyetu. Orodha zimfikie katibu kabla ya masika, wakati visima vya mjini huanza kuingiliwa na maji machafu.