Kazi ya Mshahara na Kazi ya Kitabu: Habari za Vijana Wetu Wasomao Uuguzi Huku Wakitumika Hospitalini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Sisi ni vijana wa Chama hiki tusomao uuguzi, na kwa ajili ya karo twafanya pia kazi ya usaidizi katika wodi za hospitali. Hatukuja kunung'unika. Tumekuja kueleza jambo moja ambalo twaona halijafahamika vema nyumbani, nalo ni hili: msaidizi wa wodi na mwanafunzi wa uuguzi ni watu wawili, hata wakiwa katika mwili mmoja.

Wazee wetu mwamkumbuka dresa wa siku za ukoloni. Alianza kwa kuosha vidonda, akatazama wakubwa wake, akatenda, na baada ya miaka kadhaa akawa mtu wa kutegemewa. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba binti yake ameandikwa kazi hospitalini, husema moyoni, "Sasa anajifunza, na mshahara anapata." Lakini mambo yamebadilika. Hospitali ya Wenyeji iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1901 ndiyo leo Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta, na mafunzo ya utabibu yaliyoanza mwaka 1927 yamekuwa chuo chenye matawi katika pande nyingi za nchi. Kwa Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1983, hakuna awezaye kufanya kazi ya uuguzi bila kuandikishwa na Baraza la Wauguzi. Mwanafunzi hana budi kusoma katika chuo kilichokubaliwa, kufanya mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi, na kushinda mtihani wa Baraza. Saa za kutandika vitanda kwa mshahara hazimpunguzii hata saa moja ya mafunzo hayo.

Basi tazameni siku ya mmoja wetu. Aingia zamu ya usiku saa kumi na mbili jioni. Awaosha wagonjwa, awalisha wasiojiweza, awageuza wasipate vidonda vya mgongo, amwaga vyombo vya haja, abadili mashuka, na wakati mwingine asaidia kuuhifadhi mwili wa marehemu. Atoka saa moja asubuhi. Saa mbili mwalimu aita majina darasani. Hapo ndipo yatakiwa ajue mapigo ya moyo, hesabu za vipimo vya dawa, na dalili za mama mjamzito aliye hatarini. Akisinzia, mwalimu amwona mvivu. Akichelewa zamuni, msimamizi amwona mtoro. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Wengi wetu hatushindwi na masomo kwa uzito wa akili, bali kwa kukosa usingizi.

Liko na jambo la pili, zito zaidi. Wodi ikijaa na wauguzi wakiwa wachache, msaidizi huambiwa, "Wewe si unasoma uuguzi? Mchome huyu sindano." Asemaye hivyo mara nyingi hana nia mbaya, amechoka. Lakini usiku ule kijana yule si mwanafunzi, kwa maana hakuna mwalimu wala msimamizi wa mafunzo kando yake. Dawa ikizidi kipimo, mgonjwa ndiye aumiaye kwanza, na kijana aweza kupoteza njia yake yote kabla hajaifikia. Sisi wenyewe tumeafikiana jibu moja la adabu: "Sista, hapa leo mimi ni msaidizi. Nitamshika mgonjwa, wewe umchome." Twaomba wazee mjue kwamba kijana akijibu hivyo si mkaidi. Na kama akilaumiwa kazini kwa jibu hilo, asiambiwe nyumbani kwamba amekosa heshima kwa wakubwa.

Tatu ni hatari za mwili. Kumwinua mtu mzima peke yako huvunja mgongo. Kifua kikuu chaweza kuambukiza kwa hewa. Sindano iliyotumika ikimchoma mtu, yapasa aoshe mahali pale kwa sabuni na maji na kutoa habari mara moja, kwa kuwa dawa za kukinga virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri ya upesi ndivyo bora. Chanjo ya homa ya ini aina ya B nayo hutolewa kwa sindano tatu, na ni vema kuikamilisha mapema. Tena Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kijana asiye na karatasi mkononi hawezi kudai haki hiyo kwa urahisi.

Msidhani kwamba twasema kazi na masomo haviwezi kwenda pamoja. Mwaka 2005 shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi walianzisha mafunzo kwa njia ya kompyuta, ili wauguzi wenye cheti wapande hadi diploma bila kuacha vituo vyao. Njia yapatikana pale wakubwa wanapoipanga.

Kwa hiyo twaleta maombi matatu. Kwanza, Chama kikikopesha karo, ikopeshwe mwanzoni mwa muhula, ili kijana apunguze zamu miezi ya mtihani, naye arudishe akisha kuajiriwa. Pili, Katibu aandike barua ya heshima kwa wasimamizi wa hospitali, akiomba mwanafunzi asipangwe zamu ya usiku kabla ya siku ya darasa au mtihani. Tatu, na hili lahusu kila nyumba: mshahara wa msaidizi ni mdogo, na sehemu kubwa ni karo. Harusi, matanga na ada za wadogo zetu twazijua, wala hatuzikimbii. Twaomba tu mwaka wa mwisho tuhesabiwe kuwa wanafunzi, si kuwa watu wenye kazi.

Mkenya mwenzetu, Bi. Eunice Muringo Kiereini, aliliongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi tangu mwaka 1981 hadi 1985. Njia hiyo ni ndefu, na sisi tungali mlangoni. Fedha mmetupa kwa miaka mingi, na twawashukuru. Mwaka huu twawaomba mtupe na wakati.