Paka Wengi Nyumba Moja

Pita soko la samaki la Lamu asubuhi, utawakuta paka wamekaa macho juu, wakisubiri matumbo na vichwa vya samaki. Wenye huruma huwachukua wagonjwa na yatima wakawalee, na mmoja huwa watano mwenye nyumba hajatanabahi. Nawapongeza kwa dhati. Lakini wema huu unataka utaratibu.

Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na huibeba siku 64 hivi. Kwa hiyo mpeleke mapema kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi. Dume naye ahasiwe. Wanaosema lazima jike azae kwanza wanakosea. Paka mgeni mtenge katika chumba chake wiki mbili, apate chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya minyoo.

Kazi kubwa ni choo chao. Kinyesi kibichi huweza kubeba vimelea vya toksoplasma, ila huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Ukizoa kila siku, umewahi. Mama mjamzito asaidiwe kazi hiyo.

Paka akiumwa, usimpe parasetamoli: kidonge kimoja chaweza kumuua. Na akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama paka ni wako mwenyewe.