Mizigo ya Siku ya Maonyesho ya Ng'ombe

Maneno ya hotuba kwa wafugaji na watu wa nyumbani mwao

Chama cha Kilimo cha Kenya kina asili yake katika mwaka 1901, na tangu zamani hizo maonyesho ya kilimo na mifugo yamekuwa kama shule ya wakulima. Nakuru, Eldoret, Kitale, Kisumu, Mombasa na Nairobi, watu hukusanyika kutazama ng'ombe walio bora, na mwenye ng'ombe aliyeshinda hurudi kwake na utepe na sifa. Lakini utepe ni wa siku moja, na ng'ombe ni wa miaka mingi. Yeye ndiye maziwa ya watoto, tena ndiye karo ya shule. Kwa hiyo mfugaji mwenye busara hufunga mizigo yake akikumbuka mambo mawili: mnyama apendeze mbele ya waamuzi, tena arudi mzima bila kuleta ugonjwa bomani.

Mzigo wa kwanza ni mdogo kuliko yote, nao ni karatasi. Sheria ya Kenya hairuhusu ng'ombe kuhamishwa ovyo. Yapasa kupata kibali cha afisa wa mifugo kabla ya safari. Kibali hicho, pamoja na kadi ya chanjo na barua ya kuandikishwa maonyeshoni, vitiwe katika mfuko usiopenya maji, na mtu mzima mmoja auchukue mwenyewe. Chanjo nayo isingojee siku ya mwisho, kwa maana kinga haiji siku ile ile ya sindano.

Mzigo wa pili ni wa mnyama. Ng'ombe wa maziwa aweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku, na siku ya jua kali hutaka nyingi kupita hizo. Basi zichukuliwe ndoo 2 za nyumbani, moja ya maji na moja ya chakula. Majani na chakula cha unga viwe vile vile alivyozoea, kwa sababu kubadilisha chakula ghafula huweza kumvimbisha tumbo. Zaidi ya hayo zitiwe hatamu na kamba ya akiba, brashi, sabuni, vitambaa safi, majani makavu ya kulalia, na koleo na gunia kwa ajili ya mavi. Ikiwa anakamuliwa, chombo safi cha maziwa kisisahauliwe. Wako watu wanaomwacha ng'ombe bila kumkamua muda mrefu ili kiwele kionekane kikubwa. Jambo hilo humwumiza mnyama, nalo laweza kuleta ugonjwa wa kiwele.

Kwato hukatwa majuma kadhaa mbele, wala si usiku wa kuamkia safari, asije akachechemea mbele ya waamuzi. Kadhalika kumzoeza hatamu ni kazi ya nyumbani. Mtoto aliyemwongoza ndama kila jioni hatakokotwa naye uwanjani.

Mbona ndoo za nyumbani, na mabomba ya maji yako maonyeshoni? Sababu yake ni kubwa. Ugonjwa wa miguu na midomo huenea kwa mate, kwa pumzi, na kwa vyombo vilivyoguswa na mnyama mgonjwa. Tena mnyama aweza kuupata akakaa siku 2 hata 14 bila dalili iliyo wazi. Ng'ombe wa jirani, mwenye manyoya yang'aayo, aweza kuwa na ugonjwa siku ile ile anayopewa utepe. Kwa hiyo mfugaji akiombwa ndoo au brashi, na ajibu kwa adabu kwamba chombo hicho ni cha ng'ombe wake tu. Hiyo si choyo. Yamkinga na jirani pia.

Mzigo wa tatu ni wa watu. Mama wa nyumba hupika chakula kisichoharibika upesi, kama viazi vitamu, mayai ya kuchemsha na chapati, na kutia maji ya kunywa yaliyochemshwa. Yafaa pia kofia, mablanketi, turubai la mvua, na nguo nyeupe safi za yule atakayemwongoza mnyama. Mtoto mdogo atiwe mfukoni karatasi yenye jina la mzazi na namba ya simu, maana umati ni mkubwa. Sabuni ya mikono iwe karibu na chakula, watoto wanawe kila waliposhika mnyama. Maziwa yatakayokamuliwa huko yachemshwe kabla ya kunywewa, kwa kuwa maziwa mabichi huweza kuleta homa ya kutupa mimba kwa wanadamu.

Kazi haiishi jioni. Wakirudi, viatu, kamba na ndoo vioshwe kwa sabuni, kisha kwa dawa ya kuua vijidudu, kabla ya kuingizwa zizini. Mnyama aliyetoka maonyeshoni afungwe peke yake majuma 3, apewe chakula na maji mwisho baada ya wenzake, na kila asubuhi atazamwe mdomo na kwato. Akitokwa na mate mengi, akichechemea, akipata malengelenge, au maziwa yakipungua ghafula, daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo, wala asiuzwe wala kuhamishwa.

Mabwana na Mabibi, wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndoo 2 na kamba ya akiba ni vitu vya bei ndogo. Zizi lililoingiwa na ugonjwa hugharimu maziwa ya miezi mingi, na pengine ndama wote wa mwaka ule. Mfugaji aliyekosa utepe lakini ng'ombe wake wote wakabaki wazima hakushindwa. Mwaka ujao atakwenda tena.