Akili ya Bingwa: Aliyoyafanya Claressa Shields Baada ya Kushindwa

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na ofisa wa habari wa kaunti mbele ya wasichana wanaojifunza ndondi, wazazi wao na makocha, katika ukumbi wa jamii. Tumeyachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu ubingwa. Mimi si bondia. Kazi yangu ni kuandika na kupiga picha, na glavu pekee ninazomiliki ni zile tulizopewa siku ya usafi wa mji. Kwa hivyo sitawafundisha kurusha ngumi, hilo ni la kocha. Nitazungumza kuhusu kichwa cha bondia, na yanayopita humo wakati hakuna anayempigia makofi.

Nianze na swali. Ni nani hapa anayejua kilichotokea tarehe 1 Oktoba 2016 katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani? Mikono naiona michache. Siku hiyo Mkenya, Fatuma Zarika, alimshinda Alicia Ashley kwa uamuzi wa majaji wawili dhidi ya mmoja, akatwaa mkanda wa dunia wa WBC uzani wa super bantam. Ashley hakuwa mtu wa mchezo. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametwaa mkanda huo akiwa na umri wa miaka 48. Zarika aliuleta nyumbani, akautetea mbele yetu hapa Nairobi, akaushikilia hadi Novemba 2019 alipopoteza ugenini Mexico kwa Yamileth Mercado. Miaka mitatu tulikuwa na bingwa wa dunia, na nusu ya ukumbi huu haukujua. Hilo tuliweke kando kidogo, nitalirudia.

Sasa, huo mji wa Flint ndiko alikozaliwa bondia ninayetaka tumwangalie leo, Claressa Shields, tarehe 17 Machi 1995. Flint ni mji wa viwanda vya magari. Kampuni ya General Motors ilianzishwa huko mwaka 1908. Viwanda vilipofungwa kazi zikaondoka, na mwaka 2014 hata maji ya mfereji yakaingia madini ya risasi baada ya mji kubadilisha chanzo chake cha maji. Nawatajia haya kwa sababu tukisikia Marekani tunadhani kila mtoto alikulia kwenye zulia. Huyu kuna siku alilala bila chakula. Baba yake alikuwa gerezani tangu akiwa na miaka miwili hadi alipofika tisa. Na alidhulumiwa na mtu mzima akiwa mtoto mdogo sana, jambo ambalo amelisema mwenyewe hadharani alipokuwa tayari kulisema. Wazazi mnanielewa. Sihitaji kwenda mbali zaidi, ila niseme kwamba mtoto akija kwenu na habari ya namna hiyo, kwanza muaminini, kisha mchukueni hatua.

Baba alipotoka gerezani alimsimulia binti yake habari za ndondi, za Laila Ali, binti wa Muhammad Ali, aliyeingia ulingoni kama babake. Yule mtoto akasikia kitu kimoja tu: kumbe wasichana hupigana! Akaomba apelekwe mazoezini. Baba akakataa, akasema ndondi ni za wanaume. Nawaona kina baba hapo nyuma mnatazamana. Akanuna, akaomba tena, na alipofika miaka 11 akapelekwa katika ukumbi wa mtaa unaoitwa Berston Field House, kwa kocha Jason Crutchfield. Kocha naye hakuwa na haja ya msichana. Alimkubali baada ya kumwona anafanya kazi.

Nataka tuingie mwaka 2012, kwa sababu hapo ndipo penye somo lenyewe. Ndondi za wanawake zilikuwa zinaingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko London. Nafasi zilikuwa 36 kwa dunia nzima, uzani tatu, mabondia 12 kila uzani. Mei mwaka huo, katika mashindano ya dunia huko Qinhuangdao, China, Claressa alikutana na Mwingereza Savannah Marshall. Hakuwa amewahi kushindwa tangu avae glavu. Akashindwa kwa pointi.

Ana miaka 17, yuko ugenini, na imebaki miezi kama mitatu Olimpiki ifike. Mtu wa kawaida hapo ana njia mbili. Ya kwanza ni kusema majaji walimwibia. Ya pili ni kuamini kwamba ndoto imekwisha na kurudi nyumbani. Yeye alirudi ukumbini. Agosti, London, alipigana mara tatu, akashinda mara tatu, na katika fainali akamshinda Mrusi Nadezda Torlopova. Akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kupata dhahabu ya ndondi katika Olimpiki, akiwa bado mwanafunzi wa shule ya upili. Katika uzani huohuo, kilo 75, alikuwamo Mkenya, Elizabeth Andiego, mwanamke wetu wa kwanza kupigana katika Olimpiki. Alitolewa katika pigano lake la kwanza na Edith Ogoke wa Nigeria. Nafasi 36 za dunia nzima, na moja ilikuwa yetu. Mimi hiyo siihesabu kuwa kushindwa.

Wengi husimulia hadithi ya Claressa na kukomea kwenye medali. Mimi naona mtihani wake mkubwa ulianza baada ya hapo. Alirudi Flint na dhahabu shingoni, na mikataba ya matangazo aliyodhani itamiminika haikuja. Alishauriwa apunguze ukali wa maneno, aache kusema kwamba anapenda kupiga watu. Msichana anatakiwa apigane kama simba na kuongea kama hua! Sisi wa vyombo vya habari tuna mchango wetu hapo. Mwanamume akishinda tunamuuliza kuhusu ngumi yake ya kushoto, na mwanamke tunamuuliza ataolewa lini.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu binti alikuwa kizuri, na hakujiuza. Hakuna aliyekuja kununua. Basi akaanza kujitembeza mwenyewe, akijiita mwanamke bora wa ndondi wa nyakati zote. Wengi wanasema ni maringo, na kuna siku hata mimi masikio huniuma nikimsikiliza. Lakini jiulizeni nani mwingine angemsemea. Nawaambia nyinyi wasichana: kusema wazi unachokiweza si kukosa adabu, mradi kesho yake saa kumi na moja alfajiri uwe barabarani unakimbia.

Na yeye alikuwa barabarani. Mwaka 2016 kule Rio alitwaa dhahabu ya pili mbele ya Mholanzi Nouchka Fontijn. Hakuna Mmarekani mwingine, mwanamume au mwanamke, aliyekuwa amepata dhahabu mbili mfululizo katika ndondi za Olimpiki. Alimaliza ndondi za ridhaa na ushindi 77 na kushindwa 1. Ile moja ya China.

Je, aliisahau? Miaka kumi baadaye, wote wawili wakiwa katika ndondi za kulipwa na kila mmoja akiwa bingwa, pigano la pili likapangwa London, tarehe 10 Septemba 2022. Hebu fikirieni miezi ya mazoezi, chakula cha kupimwa, mwili umeshushwa hadi uzani unaotakiwa. Siku mbili kabla, Malkia Elizabeth akafariki, na pigano likaahirishwa. Aliyengoja miaka kumi akaambiwa angoje wiki tano zaidi na aanze upya kuulinda mwili ule. Mabondia waliopo hapa wanajua uchungu wa hilo kuliko mimi. Tarehe 15 Oktoba akapanda ulingoni, mapigano yote ya usiku huo yakiwa ya wanawake, ukumbi mkubwa ukimshangilia Mwingereza. Raundi kumi za dakika mbili mbili. Majaji wote watatu wakampa Claressa: 97 kwa 93, 97 kwa 93, 96 kwa 94.

Hasira haingeweza kufanya hivyo. Hasira hudumu raundi moja, ikizidi mbili. Kilichomfikisha pale ni subira yenye kazi ndani yake, na watu waliomfungulia mlango wa ukumbi kila jioni alipokuwa mtoto.

Hapa ndipo narudi nyumbani. Conjestina Achieng' wa Siaya alitwaa taji la kimataifa mwaka 2004 na nchi nzima ikamwimba. Maradhi ya akili yalipompata baadaye, nchi hiyohiyo ikawa inamwona kwenye habari tu, mara kwa mara, kama habari ya huruma. Christine Ongare alituletea shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2018 huko Gold Coast. Ni wangapi mnamjua kwa sura? Tunajua kupiga makofi. Yanayotushinda ni ya kabla ya makofi na ya baada yake.

Kina mama mmeniuliza kabla sijasimama: mtoto ataumia? Ndiyo, ndondi huumiza, na nisiwadanganye. Ndiyo maana binti asipigane bila kinga ya meno na kofia ya kichwa, ambayo wanawake huvaa hata katika Olimpiki. Akipigwa kichwani akaumwa au akazubaa, asirudi ulingoni siku hiyo, aonwe na daktari, na asirudi mazoezini hadi daktari akubali. Kocha anayelipuuza hilo mwondoleeni mtoto wenu, hata kama ana vikombe ukuta mzima. Na mwulizeni binti anaendeleaje kichwani mwake pia, hasa akishindwa, na hasa baada ya kushinda, watu wakishaondoka.

Tena kuna jambo la ukumbi huu tulimo. Wasichana wameniambia kwamba jioni ukumbi ukikodishwa kwa mikutano, wao huambiwa wafanyie mazoezi uwanjani, na giza likiingia wanarudi nyumbani kabla ya kumaliza. Wavulana hubaki, wao hawaogopi njia. Wenye ratiba ya ukumbi wako hapa, nimewaona. Naomba kabla ya chai tukae na kocha, na wazazi wawili, tuandike siku tatu za wiki, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja, ambazo hazitakodishwa kwa yeyote, na tukubaliane nani atashika ufunguo na nani atawasindikiza wanaoishi ng'ambo ya barabara kuu. Ratiba hiyo nitaichapisha katika jarida hili, na simu yangu ya picha iko tayari.