Anaporudi Nyumbani na Mtaji Wake

Alhamdulillah, swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

Wazazi wetu, ndugu zangu vijana, leo tuzungumze juu ya wanaotoka mjini wakarudi nyumbani kuanza biashara.

Sote tunakijua kisa cha Abdulrahman bin Auf (r.a.). Alihama Makka akafika Madina hana kitu. Saad bin Rabii akataka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Akaanza na samli na jibini, mpaka akawa tajiri. Lakini hebu tujiulize: ingekuwaje kama kila mnunuzi angemwambia "niandikie"?

Mwaka 2020, hoteli za Pwani zilipofungwa kwa sababu ya korona, kaka yangu alirudi kwetu Kwale. Alikuwa mpishi Mombasa. Kwa akiba yake akafungua duka: unga, sukari, mafuta, tende. Tulifurahi sana, manake hatukuhitaji tena kwenda mbali. Ami akachukua unga, akasema mwisho wa mwezi. Jirani akachukua sukari. Mimi mwenyewe nilichukua sabuni na vocha za simu, nikasema, huyu si kaka yangu? Kudai akiona haya, na siku alipodai aliambiwa mjini kumemharibu. Mwaka haukuisha, duka likafungwa. Leo anasukuma mkokoteni wa maji Mombasa, na daftari la madeni liko kwa mama.

Ndugu zangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu deni na kuliandika. Aya ya 280 inatutaka tumpe muda mdaiwa aliye na shida. Aliye na shida, si aliye na simu mpya! Na Mtume (s.a.w.) aliwahi kujizuia kumswalia maiti mwenye deni, mpaka swahaba mmoja alipolibeba deni lile.

Tunafunga, tunagawa futari, alhamdulillah. Lakini leo baada ya tarawehe, kila mmoja akumbuke duka linalomdai. Sisi nyumbani tumelifungua lile daftari. Jina langu lilikuwa ukurasa wa pili. Nimelipa, na wengine watatu wamelipa. Kaka bado hajasema kama atarudi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.